Daftari la shukrani: lini linasaidia, na lini halitoshi

Jumatatu ni siku yetu ya kliniki ya watoto wenye selimundu, ugonjwa ambao wengi tunauita sikoseli. Kufikia saa tatu asubuhi mabenchi ya nje yamejaa, na kila mzazi ameshika daftari la mwanawe. Msomaji aliyewahi kutibiwa kwenye zahanati au vituo vyetu vya afya analijua daftari hilo. Ni daftari la kawaida la shule, limefunikwa kwa gazeti au nailoni ili lisichakae, na ndani yake sisi madaktari na wauguzi tumejaza tarehe, vipimo na dawa kwa miandiko ambayo wakati mwingine hata sisi wenyewe tunahangaika kuisoma.

Siku moja nilikuwa natafuta tarehe ambayo mtoto wa miaka saba aliongezewa damu mara ya mwisho. Kurasa zilikuwa zimeachana, nikajikuta nimelifungua daftari kwa nyuma. Huko hapakuwa na mwandiko wa daktari. Palikuwa na mwandiko wa mtu mmoja, wa kalamu ya bluu, mistari mifupi mifupi yenye tarehe.

"Ameamka bila maumivu, amekula uji wote." "Mwalimu amemsindikiza mpaka nyumbani." "Jirani amenichotea ndoo mbili." "Leo hana homa, amecheza mpira mpaka nikamwita."

Mama yake aliona nimekaa kimya nikisoma. Akainama. "Samahani dokta, nimechafua daftari la hospitali."

Nikamwambia hajachafua kitu, ila naomba anieleze. Akasema: "Huku mbele kuna homa na damu tu. Nikikaa nikalisoma naona kama mwanangu ni ugonjwa mtupu. Nikasema huku nyuma niandike zile siku ambazo alikuwa mtoto tu."

Nimekuwa daktari kwa miaka mingi, lakini maneno yale yamebaki nami. Kwa ruhusa yake nayaandika hapa, nikiwa nimebadilisha mambo machache ili asitambulike. Bila kusoma kitabu chochote, mama yule alikuwa ameanza kitu ambacho wataalamu wa saikolojia wamekichunguza kwa zaidi ya miaka 20: daftari la shukrani.

Leo nataka tulizungumze daftari hilo kwa ukweli. Nitaeleza linavyofanya kazi na namna ya kulianza. Nitaeleza pia siku ambayo mimi mwenyewe nililitoa kama dawa kwa mtu ambaye alihitaji kitu kingine kabisa.

Ni kitu gani hasa?

Daftari la shukrani ni mahali ambapo mtu anaandika mambo machache mazuri yaliyomtokea, makubwa kwa madogo, na sababu ya kuyaona mazuri. Si shajara ya kueleza siku nzima, wala si sala, ingawa mwenye imani anaweza kuliunganisha na sala yake. Halihitaji Kiswahili sanifu wala mwandiko mzuri. Gharama yake ni kalamu na daftari ambalo bei yake haizidi soda.

Kwa nini lisaidie? Ubongo wa binadamu unashika hatari haraka kuliko mema. Mtu akikutukana asubuhi kwenye daladala, jioni bado unamkumbuka. Aliyekupisha kiti umeshamsahau kabla hujashuka. Tabia hiyo ilituokoa zamani, kwa sababu aliyesahau mahali alipomwona simba hakudumu. Lakini kwa mzazi anayeuguza, au mgonjwa anayeishi na ugonjwa wa kudumu, tabia hiyo hiyo humfanya aone mabaya peke yake, hata katika wiki ambayo mambo manne kati ya saba yalikwenda vizuri. Kuandika kunaulazimisha ubongo urudi kuhesabu na yale mengine. Mabaya hayafutiki. Kinachobadilika ni kwamba hesabu inakuwa kamili.

Utafiti unasema nini?

Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti ambao mpaka leo ndio unaotajwa zaidi katika jambo hili. Waliwagawa wanafunzi wa chuo katika makundi. Kundi moja liliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, mambo yasiyozidi matano wanayoyashukuru. Kundi jingine liliandika kero, na jingine matukio ya kawaida tu. Mwishoni, walioandika shukrani waliyaona maisha yao kwa ujumla kuwa bora zaidi, walikuwa na matumaini zaidi na wiki inayokuja, walilalamikia maumivu ya mwili mara chache zaidi, na walifanya mazoezi zaidi kuliko walioandika kero.

Katika sehemu nyingine ya utafiti huo walishiriki watu wazima wenye magonjwa ya neva na misuli, yaani watu wenye kila sababu ya kulalamika. Waliandika kila siku kwa siku 21. Walioandika shukrani walilala saa nyingi zaidi na kuamka wakiwa wamepumzika zaidi kuliko wenzao. Hata wenza wao, waliojaza fomu kando, walisema wanawaona wameridhika zaidi.

Mwaka 2005 Martin Seligman na wenzake walipima zoezi fupi zaidi: kila usiku kwa wiki moja, andika mambo matatu yaliyokwenda vizuri na sababu ya kila moja. Walioandika walionyesha furaha zaidi na dalili chache za sonona, na nafuu hiyo iliendelea kuonekana hata miezi sita baadaye. Walionufaika zaidi ni wale walioendelea wenyewe baada ya wiki ile kwisha.

Sasa upande wa pili, ambao mara nyingi hausemwi. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State walikusanya pamoja tafiti 27 za mazoezi ya shukrani ili kuona yanasaidia kiasi gani kwa sonona na wasiwasi. Jibu lilikuwa: yanasaidia, lakini kidogo. Kwa mtu anayetaka kupunguza dalili za sonona au wasiwasi, walishauri atafute tiba yenye nguvu zaidi.

Kwa lugha ya nyumbani, daftari la shukrani ni kama kutembea kwa miguu kila siku. Ni zuri kwa karibu kila mtu, lakini aliyevunjika mguu humwambii akatembee. Atibiwe kwanza.

Siku niliyokosea

Miaka kadhaa iliyopita alikuja kwangu mama kijana, mtoto wake ana miezi mitatu. Alisema halali vizuri, kichwa kinamgonga, na "ana mawazo". Nilimpima presha, nikaangalia wingi wa damu, vyote vilikuwa sawa. Foleni nje ilikuwa ndefu. Wakati huo nilikuwa nimetoka kusoma habari za daftari la shukrani na nilikuwa nimelipenda. Nikamwambia: "Mama, tafuta daftari. Kila usiku andika mambo matatu ya kushukuru. Utaona tofauti." Akaitikia kwa adabu, akaondoka.

Baada ya wiki tatu aliletwa na dada yake. Alikuwa amepungua, macho yake hayatulii. Dada yake akaniwekea daftari mezani. Alikuwa ameandika kila siku bila kukosa, kama nilivyomwagiza. Siku za mwanzo yalikuwa mambo ya kawaida: mtoto ananyonya, mume ana kazi, mama mkwe amekuja kusaidia. Halafu maneno yakaanza kubadilika. Ukurasa wa mwisho uliandikwa: "Mtoto ni mzima. Mume wangu ni mwema. Kila kitu nimepewa, mimi ndiye tatizo."

Alikuwa na sonona baada ya kujifungua. Kila usiku nilikuwa nimempa kazi ya kuorodhesha mema aliyonayo, na kila usiku ugonjwa ulikuwa ukiigeuza orodha hiyo kuwa mashtaka: una haya yote na bado huna furaha, basi wewe ni mtu gani? Nilipomuuliza moja kwa moja kama amewahi kuwaza kufa, alilia na kusema ndiyo. Alikuwa ameanza kuwaza hivyo kabla hajaja kwangu mara ya kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa sijamuuliza.

Tulimwanzishia matibabu siku hiyo hiyo: ushauri nasaha, dawa inayofaa kwa mama anayenyonyesha, na kikao na mume na dada yake ili asiachwe peke yake. Dawa za sonona hazifanyi kazi kwa siku moja, huchukua wiki kadhaa, na wiki hizo zilikuwa ngumu kwao. Lakini alipona. Mtoto yule sasa yuko shule, na mama yake tunasalimiana sokoni.

Nimeisimulia habari hii kwa sababu najua kuna mama anayesoma makala hii akiwa katika hali ile. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Si uvivu, si kudeka, si kukosa shukrani, na si kwamba umerogwa. Ni ugonjwa, na unatibika.

Jiulize kwanza

Kabla ya kununua daftari, jiulize maswali haya kuhusu wiki mbili zilizopita. Mzazi, unaweza pia kuyauliza kwa ajili ya kijana wako au mwenza wako.

Je, karibu kila siku umekuwa na huzuni, au umekosa hamu na mambo uliyokuwa ukiyapenda? Je, usingizi umeharibika, unakosa au unalala kupita kiasi? Kwa mama aliyejifungua, je, unashindwa kulala hata pale mtoto amelala na kuna mtu wa kumwangalia? Je, hamu ya kula imebadilika sana? Je, umechoka muda wote, unashindwa kutuliza akili kwenye jambo moja, unajiona huna thamani au unajilaumu? Je, umewaza kwamba bora usingekuwepo, au kujidhuru?

Kama una huzuni au umekosa hamu karibu kila siku kwa wiki mbili, pamoja na kadhaa kati ya dalili nyingine, nenda kituo cha afya useme hivyo hivyo. Usiishie kwenye "kichwa kinauma". Sema: "Dokta, nina huzuni, silali, na nimepoteza hamu." Na kama jibu la swali la mwisho ni ndiyo, usisubiri wiki mbili wala kesho. Mwambie mtu mmoja unayemwamini leo, akusindikize hospitali. Na wewe uliyeambiwa, usimwache peke yake, na umwondolee karibu vitu anavyoweza kujidhuru navyo.

Watu wengi huogopa kumuuliza mtu kama anawaza kujiua, wakidhani watampa wazo hilo. Sivyo. Kumuuliza kwa upole hakumpandikizii wazo, bali humpa nafasi ya kulitua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mara nyingi mgonjwa hakuficha. Hakuulizwa.

Shukrani isiwe kizibo cha mdomo

Katika jamii yetu neno "shukuru" lina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni nzuri, ya kuuona wema na kuutaja. Kazi ya pili ni kumnyamazisha mtu. Mama aliyepoteza mimba anaambiwa "shukuru Mungu, unao wengine wawili". Kijana aliyekosa ajira anaambiwa "shukuru, wenzako hata elimu hawana". Mgonjwa wa saratani anaambiwa "shukuru, upo hai".

Anayesema hivyo mara nyingi ana nia njema, hajui tu aseme nini. Lakini aliyeambiwa hujifunza jambo moja: maumivu yangu hayaruhusiwi hapa. Kesho hatasema tena.

Shukrani yenye afya haihitaji kumlinganisha mtu na aliye na shida kubwa zaidi. Haihitaji pia kukana shida. Mtu anaweza kuandika kwenye ukurasa mmoja "leo nimelia sana" na "dada amenipikia". Yote mawili ni kweli.

Kuna hali nyingine ambayo daftari si jibu lake. Anayepigwa au kutishwa nyumbani hahitaji kutafuta mema ya anayempiga. Anahitaji usalama. Vituo vingi vya polisi hapa nchini vina dawati la jinsia na watoto, na ofisa ustawi wa jamii yupo kwenye halmashauri na kwenye hospitali nyingi. Mtoto, au mtu mzima anayejua mtoto anayeteswa, anaweza kupiga simu namba 116.

Jinsi ya kuanza

Kama umejiuliza yale maswali na hali yako si ya kuhitaji matibabu, au uko kwenye matibabu tayari na unataka kitu cha kuongezea, hii ndiyo njia ninayowaelekeza wagonjwa wangu sasa.

Kwanza, chagua muda ambao tayari una mazoea nao. Baada ya chakula cha usiku, baada ya sala, au baada ya watoto kulala. Ukilifungamanisha na jambo unalolifanya kila siku, hutalisahau. Likiwa la usiku, weka simu mbali. Ukiichukua kuandikia, utajikuta unaangalia ujumbe wa makundi mpaka saa sita.

Pili, andika mambo matatu tu, na uyaandike kwa udogo wake. "Nashukuru kwa uhai na familia" ni kweli, lakini ukiiandika siku tano mfululizo inakuwa kama sahihi kwenye mahudhurio. Andika badala yake: "Konda alinirudishia chenji niliyokuwa nimeisahau." "Mtoto alinimwagia maji ya kunawa bila kuombwa." Tukio dogo lenye sura huugusa moyo kuliko neno kubwa.

Tatu, ongeza kwa nini. Kwa nini mtoto alinimwagia maji? Kwa sababu aliniona nimechoka. Hapo ndipo unagundua kwamba unaonwa, na kwamba wema haukutokea kwa bahati.

Nne, siku mbaya iandike kama ilivyo. Ikiwa halipo hata jambo moja zuri, andika "leo halipo" na ulale. Hakuna anayesahihisha.

Tano, usijitie utumwani. Katika utafiti mmoja wa Sonja Lyubomirsky na wenzake, uliodumu wiki sita, walioorodhesha mema yao mara moja kwa wiki walinufaika kuliko walioandika mara tatu kwa wiki. Huenda jambo likizidi linageuka kazi ya kutimiza. Jaribu kila siku kwa wiki moja au mbili, kisha chagua siku moja au mbili za wiki zinazokufaa.

Sita, ukimtaja mtu kwenye daftari, siku moja mwambie. Jirani aliyekuchotea maji hajui kwamba yuko kwenye daftari lako. Maneno mawili ya asante mlangoni kwake yatawafaa wote wawili, na siku ukizidiwa utakuwa na mlango wa kubisha.

Saba, fikiria usiri. Nyumba zetu nyingi hazina droo ya kufunga. Kama daftari litasomwa na mtu ambaye hungependa alisome, usiandike siri humo.

Asiyeandika je?

Nina mgonjwa wa shinikizo la damu, bibi wa miaka sabini na kitu, ambaye hakusoma. Nilipomweleza habari hizi alicheka. "Mimi na kalamu wapi na wapi, mwanangu?" Lakini aliporudi kliniki alikuja na daftari. Mjukuu wake wa darasa la tano ndiye mwandishi. Kila jioni bibi anasema, mjukuu anaandika, na mjukuu naye ameanza kuongeza ya kwake chini ya ya bibi. Bibi ananiambia kwamba siku hizi mjukuu anamsimulia mambo ya shule ambayo zamani hakuyasema. Pembeni ya ukurasa mjukuu anaweka alama ya vema bibi akimeza dawa. Presha yake imetulia, na sisemi ni kwa sababu ya shukrani. Ni kwa sababu ya vidonge, na vidonge sasa havisahauliki.

Hilo nalisisitiza kwa wote wanaoishi na presha, kisukari, virusi vya Ukimwi, kifafa au sikoseli: daftari halishushi sukari wala halizuii degedege. Dawa zako zinabaki pale pale, na tarehe ya kliniki inabaki pale pale.

Asiyeandika anaweza pia kusimulia. Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye kile wanachokiita kwa Kishona "kufungisisa", kuwaza kupita kiasi. Kwetu tungesema "mawazo". Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofanyika katika zahanati 24 za Harare, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliozungumza na mabibi walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabenchi hayo yameshafika Zanzibar pia. Mabibi wale hawakuwaambia watu washukuru. Waliwasikiliza kwanza, kisha wakasaidiana nao kuchagua tatizo moja la kuanza kulitatua.

Kwa watoto wetu

Wazazi wengi huniuliza kama watoto nao waandike. Mwaka 2008 Jeffrey Froh na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi 221 wa Marekani, wa umri wa kuelekea ujana. Walioandika mambo ya kushukuru kwa wiki mbili waliridhika zaidi na shule kuliko walioandika kero.

Kwa hiyo inawezekana, lakini njia ni muhimu. Shukrani haifundishwi kwa fimbo wala kwa masimango. "Huna shukrani wewe, unajua ada nalipa shilingi ngapi?" Sentensi hiyo humfundisha mtoto hatia tu.

Jaribu hivi. Wakati wa chakula cha usiku, kila mmoja aseme jambo moja zuri la siku na jambo moja gumu. Mzazi aanze. Mtoto akisikia baba anasema "leo bosi alinigombeza, nikaumia, lakini fundi mwenzangu alinisubiri tukarudi wote", amejifunza mambo mawili kwa mpigo: kwamba mtu mzima naye huumia, na kwamba wema huonekana hata siku ya kuumia. Na mtoto akisema jambo gumu, usikimbilie kulifunika. Muulize tena. Mengi ambayo wazazi huyasikia kwa mara ya kwanza kwa mwalimu au kwa daktari yangeweza kusikika mezani, kama jambo gumu lingekuwa na nafasi yake.

Kurasa za nyuma

Nirudi kwa mama wa daftari la bluu. Siku ile nilimwomba tukae tuzisome kurasa zake pamoja. Tulipozipanga na kurasa za mbele, tukaona jambo ambalo mimi peke yangu nisingeliona. Wiki nzuri zilikuwa zile ambazo mwalimu alimruhusu mtoto akae na chupa ya maji darasani na asitoke kwenye baridi ya asubuhi. Wiki za maumivu mara nyingi zilifuata siku ambazo hayo hayakuwepo. Mtoto mwenye sikoseli akipungukiwa maji au akipigwa na baridi, maumivu hupata mlango. Nilikuwa nikimweleza mama huyo jambo hili kila kliniki kwa maneno ya jumla. Daftari lake lilituonyesha kwa tarehe. Nikamwandikia mwalimu barua.

Mtoto hajapona sikoseli. Mwezi uliofuata alilazwa tena siku nne, na homa ilikuwa kali. Baadaye mama yake alinionyesha alichoandika wodini. Siku ya kwanza: "Siandiki, anaumwa." Siku ya pili hakuna kitu. Siku ya tatu: "Amelala toka saa nne usiku mpaka asubuhi. Na mimi nimelala."

Mimi nami nimebadilisha utaratibu wangu. Mzazi akiniletea daftari, nikishaandika homa na dawa kwa mbele, naligeuza nyuma na kuuliza: "Na siku nyingine zilikuwaje?" Wengine hunisimulia siku moja nzuri. Wengine hukaa kimya, machozi yakaanza kutoka. Kwa vyovyote vile nimepata jibu nililokuwa nikilihitaji, na safari hii sikumbuki foleni.